Kilichopunguzwa: Historia ya Kompyuta Mpakato Ndogo ya Bei Nafuu

Katika historia ya kompyuta mpakato, yaani kompyuta ambayo skrini, kibodi na betri vimeunganishwa kuwa kifaa kimoja kinachoweza kutumiwa mapajani, wepesi na unafuu wa bei havikukutana mapema. Kwa takriban robo karne ya mwanzo, mnunuzi aliyetaka kifaa chepesi alilazimika kulipa zaidi, na mwenye fedha kidogo alibeba mzigo mzito au alibaki na kompyuta ya mezani. Na hata mambo hayo mawili yalipokutana mwaka 2007, hayakudumu pamoja kwa muda mrefu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu kuporomoka kwa kompyuta hizo ni kwamba ziliuawa na kishikwambi, ile kompyuta bapa isiyo na kibodi inayoendeshwa kwa kuguswa. Maelezo hayo yana ukweli wake lakini hayatoshi, kwa sababu yanaacha nje jambo linaloonekana katika vipimo vya mashine zenyewe: uchache wa uwezo wake uliwekwa kwa sehemu kubwa kwa makusudi, na waliouweka ni wauzaji waliohofia kwamba bidhaa yao ya bei ndogo ingekula soko la bidhaa yao ya bei kubwa.

Osborne 1, iliyotolewa Marekani mwezi Aprili 1981, huhesabiwa kuwa kompyuta ya kwanza ya kubebeka iliyofanikiwa kibiashara, ingawa aliyeibeba alihitaji mkono wenye nguvu, maana ilikuwa na uzito wa takriban kilo 11, skrini ya inchi 5, na haikuwa na betri ndani yake, kwa hiyo ilihamishwa kutoka soketi moja ya umeme hadi nyingine. Bei yake ya dola 1,795 ilijumuisha programu za kuandikia na za kukokotolea hesabu, na hilo ndilo lililoifanya ionekane rahisi. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass, iliyosanifiwa na Bill Moggridge, ambayo skrini yake ilikunjwa kwa bawaba na kuifunika kibodi, umbo ambalo hadi leo halijaachwa. Lakini iliuzwa kwa dola 8,150, na wateja wake walikuwa watu wa aina ya NASA, iliyoipeleka angani katika vyombo vyake. Mpaka ulikuwa umeshachorwa: nafuu ni nzito, nyepesi ni ghali.

Mashine moja ya zama hizo ilikaribia kuuvuka mpaka huo, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. TRS-80 Model 100 ya mwaka 1983 ilitengenezwa na Kyocera ya Japani na kuuzwa Marekani na Tandy kupitia maduka yake ya Radio Shack. Ilikuwa na ukubwa wa daftari nene na uzito wa chini ya kilo moja na nusu, na iliendeshwa kwa betri 4 ndogo za AA, zile zile za tochi na redio, ambazo ziliweza kudumu kwa takriban saa 20. Skrini yake ilionyesha mistari 8 tu yenye herufi 40 kila mmoja, na toleo la dola 1,099 lilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 8, yaani nafasi ya kurasa chache za maandishi. Haikuwa na diski ya aina yoyote; ilipozimwa na kuwashwa tena, maandishi yalikutwa pale pale yalipoachwa, bila kusubiri. Ndani yake mlikuwa na modemu, kifaa kinachogeuza maandishi kuwa sauti ili yapite katika waya wa simu, na kwa ajili hiyo waandishi wa habari waliipenda sana, kwa kuwa mtu aliyekuwa uwanja wa mpira au chumba cha hoteli aliweza kuandika habari yake na kuituma chumba cha habari kabla gazeti halijaenda mitamboni. Upungufu wa Model 100 ulikuwa mkubwa kuliko wa karibu kila mashine itakayotajwa hapa baadaye, lakini ulikuwa upungufu wa aina nyingine: kila kilichoondolewa kiliondolewa kwa kufuata kazi ambayo mtumiaji alikusudia kuifanya.

Miaka ya 1990 haikuleta mabadiliko makubwa katika jambo hili. Toshiba ilitoa nchini Japani mwaka 1996 kompyuta ya Libretto, ambayo ilikuwa na uzito wa gramu 840 na bado iliendesha programu za Windows kama kompyuta nyingine, na Psion ya Uingereza ilikuwa na vifaa vya mfukoni vyenye kibodi nzuri ajabu. Hata hivyo wanunuzi wa vifaa hivyo walikuwa hasa watu waliokwisha kuwa na kompyuta nyingine ofisini, na udogo wenyewe ndio waliokuwa wakiulipia.

Msukumo wa kuvunja uhusiano huo haukutoka sokoni. Mwezi Januari 2005, katika mkutano wa Davos, Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT alitangaza mpango wa kutengeneza kompyuta mpakato ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa shule wa nchi zenye kipato kidogo, na mwezi Novemba mwaka huo huo sampuli yake ya kijani ilionyeshwa Tunis, mbele ya Kofi Annan, ikiwa na mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Mkono huo haukufika kiwandani, na bei ya dola 100 nayo haikufikiwa, kwa kuwa mashine iliyotoka mwaka 2007 kwa jina la XO-1 iligharimu karibu dola 200. Lakini mashine yenyewe ilikuwa na fikra nyingi mpya: kibodi ya mpira isiyopitisha vumbi, antena mbili zilizosimama pembeni mwa skrini, na skrini iliyobuniwa chini ya uongozi wa Mary Lou Jepsen, ambayo ilisomeka katika jua kali kwa kuzima taa yake ya nyuma na kutumia mwanga wa jua wenyewe. Uruguay iligawa mashine hizo kwa watoto wa shule za msingi za umma, Peru ilinunua nyingi, na Rwanda ilizifikisha zaidi ya 200,000 katika shule zake. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika uliotolewa mwaka 2012 haukuona kuwa alama za hesabu na lugha za watoto wa Peru zilipanda kwa sababu ya mashine hizo, na tangu hapo mpango huo hutajwa zaidi kama somo la matumaini yaliyopita kiasi. Katika historia ya biashara, hata hivyo, una nafasi nyingine: uliwaonyesha watengenezaji wa Taiwan kwamba kompyuta mpakato ya bei ya chini sana inawezekana, na kwamba wenye hamu nayo si watoto peke yao.

Asus ilitangaza Eee PC 701 jijini Taipei mwezi Juni 2007 na kuanza kuiuza Oktoba mwaka huo. Bei iliyotajwa wakati wa kutangazwa ilikuwa dola 199 kwa toleo la chini kabisa. Toleo lililopata wanunuzi wengi Marekani liliuzwa kwa dola 399, na bado halikuwa na mfano wake sokoni. Mashine ilikuwa na uzito wa gramu 920. Skrini yake ya inchi 7 ilikuwa ndogo kuliko mfuniko ulioibeba, kwa hiyo spika mbili zilipachikwa kulia na kushoto kwake, na kitufe cha herufi kubwa cha upande wa kulia kilisogezwa nje ya mshale wa juu, jambo lililomfanya mchapaji aliyezoea kibodi ya kawaida kurukia mstari mwingine katikati ya sentensi. Badala ya diski inayozunguka iliwekewa chipu za hifadhi zenye gigabaiti 4, na zaidi ya nusu ya nafasi hiyo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mfumo endeshi, yaani programu mama inayosimamia nyingine zote, ambao ulikuwa wa familia ya Linux na haukulipiwa leseni ya Microsoft. Mtu aliyeweka Windows mwenyewe aligundua upesi kwamba skrini yenye pikseli 480 tu kwenda chini ilikata visanduku vya maagizo, hata kitufe cha kukubali kikabaki nje ya macho. Kasoro hizo zote zilisamehewa. Katika miezi michache ya mwisho wa mwaka 2007 Asus iliuza zaidi ya mashine 300,000.

Kilichofuata kilikuwa mbio. Mwaka 2008 Acer, MSI, HP, Dell na Samsung zote zilitoa netibuku, jina lililoenezwa na Intel kwa kompyuta mpakato ndogo ya bei nafuu iliyokusudiwa hasa kwa matumizi ya intaneti, na Intel yenyewe ikatoa kichakataji cha Atom, ambacho katika toleo la N270 kilitumia umeme usiozidi wati 2.5. Kichakataji ni chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, na kwa kawaida ndicho kinachokula umeme zaidi; lakini Intel ilikiuza kikiwa na chipu saidizi ya teknolojia ya zamani, ambayo ilitumia umeme mwingi kuliko kichakataji chenyewe, na ambayo haikuweza kuonyesha vizuri video za kiwango cha juu. Microsoft nayo ilikuwa imepanga kusitisha uuzaji wa Windows XP mwezi Juni 2008, na mrithi wake, Windows Vista, alikuwa mzito mno kwa mashine hizo. Ilipoona Linux inajipenyeza, iliongeza muda wa XP kwa ajili ya kompyuta ndogo peke yake na kuitoa kwa bei ya chini, ila kwa masharti: kumbukumbu isizidi gigabaiti 1, na skrini mwanzoni isizidi takriban inchi 10, kabla sharti hilo la pili kulegezwa. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa suala zima. Mashine za kampuni tofauti, za rangi tofauti, zilianza kufanana hadi kwenye tarakimu, kwa kuwa aliyezidisha kumbukumbu alipoteza leseni nafuu.

Haingekuwa haki kudai kwamba wanunuzi walilazimishwa kuikubali Windows. MSI ilieleza mwaka 2008 kwamba netibuku zake zenye Linux zilirudishwa dukani mara nne zaidi ya zenye XP, kwa kuwa watu walifika nyumbani na kukuta programu walizozizoea hazifanyi kazi. Lakini mwaka 2009, Windows 7 ilipotoka, toleo lililowekwa katika netibuku, lililoitwa Starter, halikumruhusu mtumiaji hata kubadilisha picha ya mandharinyuma ya skrini, kizuizi ambacho hakikuokoa senti moja ya gharama ya kiwandani wala tone la umeme. Shabaha yake ilikuwa kumkumbusha mnunuzi kila siku kwamba alinunua kitu cha daraja la chini.

Ilipoonekana iPad mwezi Januari 2010 kwa bei ya kuanzia dola 499, Steve Jobs alisema jukwaani kwamba netibuku hazikuwa bora katika jambo lolote. Aliyekuwa akilinganisha alipaswa kukiri kwamba bidhaa aliyoilaumu ilikuwa imesimamishwa pale pale ilipoanzia: mwaka 2011 netibuku ya kawaida bado ilikuwa na gigabaiti 1 ya kumbukumbu na skrini yenye pikseli 600 kwenda chini, sawa na ile ya mwaka 2008. Kishikwambi kiliikuta imekwisha kudumaa. Asus na Acer ziliacha kuzitengeneza mwaka 2012 ulipokuwa ukielekea ukingoni.

Mahitaji hayakwisha pamoja nazo. Chromebook za kwanza, kompyuta ambazo karibu kazi zake zote hufanywa ndani ya kivinjari cha intaneti, ziliuzwa mwaka 2011, na ile ya Samsung ya dola 249 ya mwaka 2012 ndiyo iliyozifungulia njia katika shule za Marekani. Microsoft ilijibu mwaka 2014 kwa mashine kama HP Stream ya inchi 11, iliyouzwa dola 199 ikiwa na gigabaiti 32 za hifadhi iliyounganishwa moja kwa moja na ubao mkuu, kwa hiyo isiyoweza kubadilishwa. Ukubwa huo wa hifadhi ulikuwa mtego. Mfumo wenyewe ulichukua sehemu kubwa ya hifadhi, na kila Windows ilipotaka kujisasisha ilidai gigabaiti ambazo hazikuwepo, mpaka mwenye mashine akafuta faili zake au akachomeka flashi ya ziada.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wake. Netibuku zilitegemea intaneti, na mkongo wa SEACOM uliopitishwa chini ya bahari ulianza kufanya kazi Tanzania na Kenya mwezi Julai 2009, wakati mashine hizo zilipokuwa kileleni. Zilipotoweka madukani, nafasi yake haikuchukuliwa na vishikwambi peke yake, ingawa serikali ya Kenya, iliyokuwa imeahidi kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, hatimaye iligawa vishikwambi kuanzia 2016. Kwa mwanafunzi wa chuo, karani au mwalimu, kompyuta ndogo ya bei nafuu imekuwa zaidi mtumba: ThinkPad au EliteBook ya inchi 12 iliyotumika miaka kadhaa katika ofisi ya Ulaya, au mashine ya inchi 11 yenye kingo za mpira iliyotoka katika shule ya Marekani, inayopatikana katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi. Mashine hizo za ofisi zilipokuwa mpya hazikuwekewa mipaka ya netibuku, kwa kuwa ziliuzwa kwa kampuni na taasisi zilizodai kibodi imara, kumbukumbu inayoongezeka na betri inayobadilika. Mnunuzi makini huijaribu bawaba, hubonyeza kila kitufe, huuliza chaji inakaa saa ngapi, na huhakikisha kwamba mashine haijafungwa kwa nywila ya mmiliki wa kwanza.

Kuna jambo moja lisiloonekana kwa kuijaribu mashine kwenye kaunta. Chromebook hupewa tangu mwanzo tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho, ambayo kwa zilizotoka kuanzia 2021 Google iliirefusha hadi miaka 10, na miaka hiyo huhesabiwa kuanzia siku aina hiyo ya mashine ilipotolewa, wala si siku iliponunuliwa. Microsoft nayo ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, huku Windows 11 ikidai kichakataji cha karibu mwaka 2018 au baadaye. Kwa hiyo EliteBook ya mwaka 2016 ambayo bado inawaka, inachapa na kukaa na chaji iko nje ya masharti ya Windows 11, na mwenye kuiuza huishusha bei.