Okidi ya Sapatu na Habari za Jani Lake

Liko ua ambalo sehemu yake ya chini imefanya kifuko mfano wa ncha ya sapatu. Mmea wake ni wa jamii ya okidi, na wataalamu huuita Paphiopedilum. Usiutafute, ewe msomaji, katika misitu yetu. Kenya ina okidi zake nyingi, lakini hii si mzaliwa wa Afrika. Kwao ni Asia, tangu Bara Hindi hata visiwa vya Solomon.

Katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza walishikwa na wazimu wa okidi. Mawakala wao waling'oa mimea kwa maelfu, wakaipakia merikebuni. Iliyofika hai ilitiwa katika nyumba za kioo, moto ukachochewa usiku na mchana, madirisha yakafungwa. Kwani mabwana wale walidhani kwamba kila mmea utokao nchi za joto hupenda kuchemshwa. Kumbe okidi nyingi hukaa milimani, penye ukungu na upepo! Zilikufa kwa wingi hata ikasemwa kwamba Uingereza ni kaburi la okidi. Katika miaka ya 1830 Joseph Paxton, mtunza bustani wa Chatsworth, alipunguza joto na kuingiza hewa, naye akafanikiwa.

Hata hivyo hasara haikukoma. Mwaka 1857 ilionekana Uingereza okidi ya sapatu ndogo yenye mistari ya zambarau, Paphiopedilum fairrieanum. Baadaye ilidhoofika, ikatoweka karibu katika bustani zote, wala haikujulikana kwa hakika ilikotoka. Mfanyabiashara Frederick Sander akaahidi pauni 1,000 kwa atakayeipata. Ilipatikana Bhutan mwaka 1905.

Walioipoteza hawakukosa fedha. Naona walikosa kulisoma jani. Okidi ya sapatu haina kinundu cha kuwekea maji kama okidi nyingine, kwa hiyo jani lake halifichi shida. Likififia na kuwa manjano, pengine jua limezidi. Likiwa kijani sana, refu na legevu, wala ua halitoki, kivuli kimezidi. Ncha ikikauka, shuku kwanza chumvi ya maji au mbolea. Jani kuukuu la chini likigeuka manjano peke yake, huo ni uzee tu.

Ajabu ni jani kunywea hali chungu kimelowa. Asiyejua huongeza maji, na kwa kufanya hivyo humaliza kazi ya kuua. Utoe mmea chunguni utazame: mizizi imeoza, haiwezi kunywa. Ikate iliyooza, kisha upande upya katika vipande vya magome ya miti vipitishavyo hewa. Na doa la kahawia lenye majimaji, likienea upesi, mara nyingi ni kazi ya bakteria, hasa maji yakilala usiku katikati ya majani. Hapo usingoje hata kesho; likate kwa kisu safi, ukaushe jeraha, na tangu siku hiyo umwagilie asubuhi.

Mwaka 1989 mataifa yalipatana kukataza biashara ya kimataifa ya okidi za sapatu zilizong'olewa porini. Lakini Paphiopedilum vietnamense ilipewa jina lake mwaka 1999, na haikupita miaka mingi wachumaji wakawa karibu wameimaliza katika miamba ya kwao.