Kamal Jumblatt: Bwana Aliyepinga Ubwana

Historia ya nchi za Kiarabu katika karne ya 20 ina watu wengi waliozaliwa chini wakapanda juu. Ni wachache waliozaliwa juu, kisha wakajitahidi kuivunja ngazi waliyosimama juu yake. Kamal Jumblatt wa Lebanoni alikuwa mmoja wa wachache hao, na swali alilotuachia ni hili: je, mtu aweza kuung'oa mfumo ule ule uliompa nguvu za kuung'oa? Twaweza kulitazama swali hilo kwa kufuata maisha yake.

Kwanza hatuna budi kuwajua watu wake. Wadruzi ni jamaa ya dini iliyochipuka Misri mwanzoni mwa karne ya 11, siku za Khalifa al-Hakim wa ukoo wa Fatimia, ikatia mizizi katika milima ya Sham. Tangu mwaka 1043 mlango wa kuingia katika dini hiyo umefungwa: Mdruzi huzaliwa, hafanywi. Mafundisho yao hufichwa hata kwa wengi miongoni mwao wenyewe, nao huamini kwamba roho ya mtu itokapo katika mwili mmoja huzaliwa katika mwili mwingine. Watu wachache waliozungukwa na wengi hujifunza kushikamana, nao walishikamana nyuma ya mabwana wa nyumba chache kubwa. Katika wilaya ya Chouf, kusini mwa Mlima Lebanoni, nyumba kuu ilikuwa ya Jumblatt, yenye kasri lake Moukhtara.

Ubwana huo haukuwa raha tupu. Bashir Jumblatt, aliyekuwa mwenye nguvu kuliko wote mlimani katika siku zake, aliuawa Acre mwaka 1825. Fouad Jumblatt, baba yake Kamal, aliuawa mwaka 1921, nchi ikiwa mikononi mwa Wafaransa. Kamal alikuwa amezaliwa tarehe 6 Desemba 1917, kwa hiyo alikuwa yatima kabla ya kutimiza miaka 4. Uongozi wa nyumba ulishikwa na mama yake, Bibi Nazira, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 aliamua mashauri ya wanaume na kujadiliana na watawala wa kigeni katika nchi ambayo haikuzoea kuona mwanamke akifanya hivyo.

Mtoto alipelekwa kusoma kwa mapadri wa Kikatoliki huko Aintoura, kisha Paris katika chuo cha Sorbonne. Vita vya mwaka 1939 vilimrudisha nyumbani, akasoma sheria Beirut. Alipenda falsafa, akavutwa na hekima ya Kihindi, akaishi maisha ya kujinyima. Mtu wa namna hiyo aghalabu hutafuta upweke. Yeye aliitwa barazani. Mwaka 1943 alichaguliwa kuwa mbunge, naye hakuwa ametimiza miaka 26.

Mwaka huo huo Lebanoni ilipata uhuru, na wakubwa wake wakapatana jambo ambalo halikuandikwa katika katiba lakini lilikuwa na nguvu kama katiba. Rais atakuwa Mkristo wa Kimaroni, Waziri Mkuu Mwislamu wa Kisuni, na Spika wa Bunge Mwislamu wa Kishia. Viti vya Bunge viligawanywa kwa kadiri ya Wakristo 6 kwa Waislamu na Wadruzi 5, na msingi wa hesabu hiyo ulikuwa sensa ya mwaka 1932, ambayo haikurudiwa tena. Mdruzi aliweza kuwa waziri. Urais haukuwa wake, hata angekuwa na akili na wema kiasi gani.

Mapatano hayo yalizuia ugomvi kwa muda, walakini yalimfanya kila mtu kuwa raia kwa njia ya dhehebu lake. Jumblatt aliyapinga. Tarehe 1 Mei 1949 alitangaza chama cha Wasoshalisti wa Maendeleo, na miongoni mwa waasisi wenzake walikuwamo Wakristo na Waislamu. Sehemu ya mashamba ya urithi aliwagawia wakulima walioyalima. Mwaka 1952 alikuwa miongoni mwa viongozi wa upinzani uliomlazimisha Rais Bishara al-Khoury kujiuzulu bila vita. Mwaka 1957, chini ya Rais Camille Chamoun, alikosa kiti chake, na mwaka uliofuata akaingia katika uasi wa silaha dhidi ya Rais huyo, uasi uliosababisha askari wa Marekani kushuka pwani ya Beirut mwezi wa Julai.

Hapa ndipo ugumu wa swali letu unapoonekana. Mwaka 1958, alipowaita watu kupigana kwa jina la haki ya wote, waliomjia mlimani walikuwa kwa wingi Wadruzi wa Chouf, na wengi wao waliitika kwa kuwa aliyeita ni bwana wa Moukhtara. Waswahili husema kwamba ng'ombe avunjikapo mguu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Katika Lebanoni zizi lilikuwa dhehebu, na kila hatari ilipotokea watu walirudi humo, hata wale waliofuata kiongozi aliyetaka mazizi yabomolewe.

Haifai kusema kwamba usoshalisti wake ulikuwa vazi tu. Mwaka 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliviruhusu vyama vilivyokuwa vimepigwa marufuku, Wakomunisti wakiwamo. Mwezi wa Agosti 1975, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha kuanza, alikuwa mkuu wa muungano wa vyama uliotaka siasa ya madhehebu ifutwe na nchi nzima iwe jimbo moja la uchaguzi.

Lakini alitaka kuyapata hayo kwa ushindi wa vita. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1976 majeshi ya upande wake na ya Wapalestina yalikuwa yakisonga mbele, naye akakataa shauri la Rais Hafez al-Assad wa Syria la kusimamisha mapigano. Walionana Damascus mwezi wa Machi, wakaachana bila kupatana. Mwezi wa Juni majeshi ya Syria yaliingia Lebanoni kumzuia. Tarehe 16 Machi 1977 gari lake lilivamiwa katika njia ya Chouf, akauawa pamoja na watu wawili aliokuwa nao.

Yaliyofuata ni machungu kuyasimulia. Katika vijiji vya Chouf Wakristo wengi wasio na hatia waliuawa na majirani zao kwa kisasi cha mtu aliyetaka Mkristo na Mdruzi wawe raia sawa. Mwanawe Walid, mwenye miaka 27, alivishwa joho la uongozi, akakirithi na chama. Mwaka 2023 chama kilimpata kiongozi wa tatu: Taymur, mwana wa Walid.

Mapatano ya Taif ya mwaka 1989 yaliligawa Bunge nusu kwa nusu, yakaandika kwamba kufutwa kwa siasa ya madhehebu ni lengo la taifa. Walakini Rais aliyechaguliwa Januari 2025 alikuwa Mmaroni, kama waliomtangulia. Mwezi wa Machi mwaka huo, baada ya utawala wa ukoo wa Assad kuanguka Desemba 2024, wakuu wapya wa Syria walimkamata ofisa wa zamani wa ujasusi anayetuhumiwa kuhusika na mauaji ya Jumblatt.

Mwanafunzi wa historia asiharakishe kumhukumu kwa kuwa hakufaulu. Jumblatt aliuona ugonjwa wa nchi yake mapema, akautaja waziwazi, ingawa dawa yake ilikuwa na sumu ndani yake. Alipokuwa na kalamu na kura, aliwavuta watu watoke katika madhehebu yao. Aliposhika bunduki, bunduki hiyo ilibebwa na dhehebu, na dhehebu likadai malipo.