Fanani na Mamlaka: Mr. II katika Historia ya Rapu ya Kiswahili

Rapu ya Kiswahili imezoeleka kuelezwa kuwa ni mwigo wa Marekani. Makala haya yanaitazama kauli hiyo kwa kurejelea maisha ya kisanaa ya Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kwanza kwa jina la 2-Proud, kisha Mr. II, na baadaye Sugu. Hoja yetu ni kwamba migogoro iliyomkabili fanani huyu, ingawa ilizuka katika nyanja tofauti, ilihusu swali moja: neno la msanii ni mali ya nani?

Ni kweli kwamba mwanzo ulikuwa wa kuiga. Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza akighani maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice. Miaka michache baadaye vituo vya binafsi, kama Radio One, vilivunja ukiritimba wa Radio Tanzania, na vijana wakapata jukwaa jipya. Mbilinyi alitoa albamu ya Ni Mimi mwaka 1995. Wimbo wake "Hali Halisi" wa mwaka 1998 ulizungumzia ugumu wa maisha ya vijana na kasoro za wanasiasa. Hapo fani ya kigeni ilikuwa imekwisha kubeba kazi kongwe ya malenga, yaani kuwaambia watawala yale ambayo raia huyanong'ona.

Mgogoro wa kwanza ulihusu jasho la msanii. Wasanii wengi wa enzi ya kanda walilalamika kwamba wasambazaji walinufaika kuliko watunzi. Mwaka 2011 Mbilinyi, akiwa tayari Mbunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA, aliungana na wenzake walioitwa Vinega kutoa kanda mseto ya Anti-Virus, iliyoushambulia uongozi wa Clouds FM. Mgogoro wa pili ulihusu dola. Februari 2018 mahakama mjini Mbeya ilimhukumu kifungo cha miezi mitano kwa maneno yaliyohesabiwa kuwa ya kumkashifu Rais John Magufuli. Aliachiwa Mei mwaka huo.

Yaweza kudaiwa kwamba siasa za chama zilimpunguzia fanani huyu hadhira. Dai hilo lina uzito, lakini halibatilishi ukweli kwamba maneno yaliyomfunga yalitamkwa jukwaani, si katika wimbo. Mamlaka ilimwogopa msemaji kabla ya mwimbaji.

Suala hili si la Tanzania peke yake. Huko Kivu, Delcat Idengo, aliyeimba pia kwa Kiswahili, alifungwa kwa ajili ya nyimbo na kauli zake, kisha akauawa kwa risasi mjini Goma tarehe 13 Februari 2025, wakati mji huo ulipokuwa mikononi mwa waasi wa M23.

Kwa kuhitimisha, sanaa ya mwigo mtupu haimtishi mtu. Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anayeiacha rapu nje ya uwanja wake anauacha ushairi ambao watunzi wake wameulipia gharama kubwa.