Ridhaa si kuitika

Muuguzi wa Kakoba, Uganda, anayefanya kazi wodini na kusomea shahada ya uzamili ya maadili ya tiba wikendi, tena kwa jicho la Kikristo, atakutana na neno ridhaa ukurasa baada ya ukurasa. Kanuni za Nuremberg za 1947 zinaanza nalo: pasipo ridhaa ya hiari, hakuna utafiti juu ya mtu. Kamusini ridhaa ni nyepesi. Apande gari hadi Nakivale, kambi iliyopokea wakimbizi tangu miaka ya 1950, aone.

Huko, Mkongomani wa Kivu husema “nimeitika” akimaanisha nimekubali. Kwa Kiswahili cha pwani, kuitika ni kujibu ukiitwa: “Abee!” Sasa mama mkimbizi kaitwa na mwenye koti jeupe, kapewa karatasi na kalamu. Kaitika kwa maana ipi?

Mkristo anao mfano wake wa ridhaa, na naona hautumiwi vya kutosha. Katika Luka, Mariamu anamhoji malaika kwanza, ndipo anakubali. Fomu ya ridhaa isiyo na nafasi ya swali ni mstari wa dole gumba tu.