Mjomba, hata huo ugali ulikuja na meli

Jumapili iliyopita tulikuwa na wageni nyumbani, hapa Mabanga, nikaweka mezani bakuli langu la pilipili ya kuchoma. Mjomba wangu mmoja akalitazama, akalisukuma kando kwa kidole, akasema, "Hiki si chakula chetu. Haya ni mambo ya Wahindi na Waswahili wa Mombasa." Kisha akamega ugali.

Nimelelewa na kukhu, na kwake mkubwa hajibiwi mbele ya wageni. Kwa hivyo namjibu hapa, ambako hana akaunti.

Kwanza, kwa wale mlioniuliza napikaje. Chukua pilipili ndefu za kijani, si zile ndogo kichaa. Ziweke juu ya makaa pamoja na nyanya mbili, kitunguu kizima na punje kadhaa za kitunguu saumu zikiwa na maganda. Geuza mpaka ngozi iwe nyeusi na ibabuke. Funika kwa sahani dakika 10 zitoke jasho, menya, halafu twanga kwenye kinu. Blenda wacha, inaifanya uji. Chumvi, ndimu, dhania, na mimi huponda parachichi moja ndani. Na aki usiguse macho.

Sasa historia. Pilipili hii ni ya Mexico. Watu wa huko waliilima maelfu ya miaka kabla ya Mzungu kufika, na karne ya 16 mtawa Mhispania, Bernardino de Sahagún, aliandika kuhusu wauzaji sokoni waliokuwa na michuzi ya pilipili na nyanya ya kila aina. Yaani bakuli langu ni la zamani kuliko mipaka ya Kenya. Columbus alipofika upande ule 1492 alikuwa anatafuta pilipili manga ya Asia, akakuta hii inawasha, akaipa jina la ile. Na sisi tulifanya vilevile! Neno "pilipili" asili yake ni India, la ile manga. Mgeni alipokuja akarithi jina, mwenyewe akabaki kuitwa "manga" ili watu wasichanganye.

Wareno ndio walioisambaza. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi 1498, na kufikia 1593 walikuwa wanajenga Fort Jesus. Meli zao zilipeleka pilipili Afrika na pia Goa. Kwa hivyo Mhindi naye, Mjomba, aliletewa. Kabla ya hapo hakukuwa na mchuzi wa India wenye pilipili hii.

Lakini kinachonichekesha ni ule ugali mkononi mwake. Mahindi pia yametoka Mexico. Wazee wetu walisonga wimbi na mtama. Ugali mweupe wa mahindi umetawala sahani zetu katika karne hii moja iliyopita tu. Na ile mbegu ya H611 iliyotoka Kitale mwaka 1964, ambayo wakulima wa huku waliipokea kwa mikono miwili? Mzazi wake mmoja alikuwa wa Kitale. Wa pili aliitwa Ecuador 573, na Ecuador iko Amerika Kusini. Maharagwe na nyanya vilivyokuwa mezani siku hiyo, asili yao ni upande uleule. Pilipili yangu ilikuwa imekaa na jamaa zake, na yeye peke yake ndiye aliyeambiwa ni mgeni.

Halafu tukisema "mila", tuseme yote. Kwa mila ileile ya Waluhya, mwanamke hakula kuku. Ile ingokho ya Jumapili kukhu angeikimbiza, angeichinjisha, angeipika, asionje hata mchuzi. Siku hiyo alikula paja, na Mjomba hakusema kitu. Manze, mila inakumbukwa kwa kuchagua, na mara nyingi anayechagua ndiye aliyeshika firigisi.

Akija tena Desemba nitampikia kwa heshima zote: ugali wa wimbi, mboga za kienyeji zilizolainishwa kwa munyu wa majivu, bila nyanya hata moja. Bakuli la pilipili litakaa upande wangu na kukhu. Lile la Jumapili, kwa taarifa yenu, lilirudi jikoni tupu, na kwenye ukingo wa sahani ya Mjomba kulikuwa na kitu cha kijani.