Mahindi yenye protini bora na chavua ya jirani

Karungu, ufuoni mwa Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Migori, kwenye samaki ugali haulaumiwi. Lakini hata omena wana bei, na siku wasiponunulika mtoto hushinda na uji asubuhi, ugali jioni, sawa na sima tupu kwetu Pwani. Hapo ubora wa mahindi yenyewe huwa na uzito.

Mahindi ya kawaida yana protini, ila imepungukiwa na lisini na triptofani, viini viwili ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza kuwa jeni iitwayo opaque-2 huviongeza sana. Kasoro yake ni kwamba punje zilikuwa laini kama chaki, mavuno haba, na wadudu wa ghalani walizipenda. Surinder Vasal na Evangelina Villegas wa kituo cha CIMMYT, Mexico, walitumia miaka mingi kuchagua na kupandanisha mpaka punje zikawa ngumu tena. Mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Huko Tanzania baadhi ya mbegu za jamii hii ziliitwa Lishe, na sioni jina ambalo lingefaa zaidi.

Wengi huchanganya jambo hili na rangi. Nyamula, mahindi ya manjano ya kienyeji ya Wajaluo, rangi yake inatokana na karotini, ambayo ni habari ya vitamini A. Mahindi yenye protini bora yaweza kuwa meupe kabisa.

Kazi iko shambani. Jeni hii hujificha, na punje lazima iipate kwa mama na kwa baba. Chavua ikipeperuka kutoka kwa jirani aliyepanda mahindi ya kawaida, punje inayotungwa itakuwa ya kawaida, na kwa macho hutaitambua. Mkulima wa samadi anayejiwekea mbegu huweza kuipoteza sifa hiyo pole pole bila kujua. Kwanza achague mbegu isiyo chotara. Kisha apishane na jirani wiki tatu au nne za kupanda (rahisi kusema, mvua ikinyesha kila mtu ana jembe mkononi), na mbegu ya msimu ujao aitoe katikati ya shamba, si pembeni. Majirani wakikubaliana kupanda aina moja, taabu hiyo inaisha.

Halafu kuna kayongo, gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Mbegu yoyote isiyolistahimili hudhoofika mbele yake. Wataalamu wa icipe kule Mbita, Homa Bay, wameeneza kilimo cha vuta-sukuma: desmodiamu kati ya mistari hulizuia gugu, hurutubisha udongo na kumfukuza bungua, huku nyasi za pembeni zikimvuta bungua huyo nje ya mahindi. Nyasi na desmodiamu huliwa na ng'ombe, na samadi hurudi shambani.

Wanaotunza mdzihana huko Kilifi watauliza kama sifa hii yaweza kuingizwa katika mbegu yao. Yaweza, kwa kupandanisha vizazi kadhaa, lakini kila kizazi lazima punje zipimwe maabara.