Usafi wa maji ndio kinga ya kwanza katika tangi la karantini

Tangi la karantini ni chombo ambamo samaki wa mapambo hutengwa, aghalabu kwa wiki 4 hadi 6, kabla ya kuchanganywa na wenzao. Lengo ni kuzuia vimelea, wakiwemo wale wa madoa meupe, wanaoweza kuangamiza samaki wote. Hata hivyo, wengi hufia humo humo kwa sumu ya uchafu wao wenyewe.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Katika tangi lililokomaa, bakteria wa chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuzaana, ilhali tangi la karantini mara nyingi huandaliwa kwa dharura.

Makali ya amonia hutegemea joto na asidi. Katika maji yasiyo ya chumvi yenye nyuzijoto 25, kipimo cha pH kikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali ya sumu; kikifika 8, huzidi asilimia 5.

Hali hii huwakumba samaki wanaosafirishwa mbali, mathalani wale wa miambani wanaonaswa Kilifi na Kwale na kupelekwa ng'ambo kwa ndege. Ndani ya mfuko, kaboni dayoksaidi wanayoitoa huyaongezea maji asidi na kuipunguza makali amonia. Mfuko ukifunguliwa, gesi hiyo hutoka na sumu hupanda ghafla. Hivyo, hawapaswi kukawizwa katika maji hayo.

Tiba ni maandalizi. Sponji huwekwa katika chujio la tangi lenye samaki wazima wiki kadhaa mapema, kisha huhamishiwa karantini. Maji hupimwa kila siku. Amonia au nitriti ikionekana, sehemu yake hubadilishwa kwa maji ya joto lilo sawa. Maji ya mfereji huondolewa klorini kwanza, kwani huchoma matamvua na kuua bakteria. Aidha, chakula kiwe kidogo na masalio yaondolewe.

Dawa nazo zahitaji uangalifu, kwani baadhi ya viuavijasumu huua bakteria wa chujio. Samaki anayehema kwa kasi huenda ana vimelea au amedhuriwa na amonia, dalili hufanana. Kwa hivyo maji hupimwa kwanza, dawa hufuata.